Vijiji vya Bantul: pale mji unapokula mashamba, na mama anaposhika karatasi ya kiwanja

Juma hili tunawapeleka mbali sana, mpaka inchi ya Indonesia, katika kisiwa cha Java. Kisiwa hicho kinakaribia ukubwa wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zikiwekwa pamoja, lakini kinabeba watu zaidi ya milioni 150. Hapo mtaelewa mara moja kwa nini kule kila kipande cha udongo kina jina la mtu, na kwa nini ugomvi wa mipaka unaweza kutenganisha ndugu wa tumbo moja.

Katikati ya kisiwa, upande wa kusini, kuna mji wa Yogyakarta. Wenyeji wanauita mji wa wanafunzi, kwa sababu ya vyuo vikuu vingi. Ukiupa mgongo na kufuata barabara ya kusini, unaingia katika wilaya ya Bantul, inayoshuka mpaka bahari. Nyuma yako, kama kilometa 30 kaskazini ya mji, unasimama Merapi, mlima wa moto. Wasomaji wetu wa Goma hawahitaji kuelezwa maana ya kulala na mlima wa namna hiyo mbele ya macho. Unaua, na jivu lake ndilo linanenepesha mashamba.

Bantul si mji na si pori. Kwa pikipiki, nusu saa inatosha kutoka sokoni mjini hadi shamba la mpunga. Bwana anaweza kutoka asubuhi kwenda kujenga majumba mjini, na jioni akarudi kulisha ng'ombe wake. Mama anapika chakula cha kuuza mbele ya nyumba, na nyuma ya nyumba anachuma mboga. Maisha ya vijiji vya namna hii, vyenye mguu mmoja shambani na mguu mwingine mjini, yanafanana na ya vijiji vingi vinavyozunguka miji yetu. Ndiyo sababu tumeona vema tuvitembelee.

Nyumba na uwanja wake

Tuanze nyumbani. Nyumba ya kijiji cha Java iko ndani ya uwanja wake, unaoitwa pekarangan. Katika uwanja huo kuna minazi, migomba, mapapai, mihogo, pilipili, tangawizi na kuku. Mti mrefu unafunika mfupi, na mfupi unafunika mboga. Mtu asiyezoea ataona kichaka tu, lakini mama mwenye nyumba anajua kila shina na kazi yake. Siku mfuko ukikauka, uwanja ndio unatoa chakula cha jioni.

Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha: watu wa kule wanakula sombe. Wanachuma majani ya mihogo machanga, wanayachemsha, na kuyapika na tui la nazi na pilipili. Mihogo yenyewe, katika milima mikavu ya jirani ya Gunungkidul, inakaushwa na kusagwa, kisha unga wake unapikwa kwa mvuke kuwa chakula kinachoitwa tiwul. Zamani tiwul ilikuwa chakula cha maskini waliokosa mchele. Leo inauzwa kwa watalii.

Chakula kingine ni tempe, nyama ya maskini na ya tajiri pia. Soya inachemshwa, inaondolewa maganda, inapozwa, inachanganywa na chachu ya ukungu mweupe, kisha inafungwa katika majani ya migomba. Baada ya siku moja au mbili punje zinashikana kuwa kama kipande cha mkate mgumu. Wanakikata, wanakikaanga, na watoto wanapata chakula cha kujenga mwili kwa bei ndogo. Vikundi vya wamama kwetu vinavyolima soya kwa ajili ya uji wa watoto vinaweza kuona kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuitumia.

Nyumba kumi, likelemba, na kikombe cha mchele

Kijiji kimegawanywa katika vikundi vidogo vya majirani vinavyoitwa RT. Kila RT ina msimamizi wake, anayejulikana na wote. Mtoto akizaliwa, mgeni akihamia, mzee akifariki, habari inapita kwanza kwake. Akihitaji karatasi yoyote ya serikali, mtu anaanzia kwake.

Usiku wanaume wanapokezana kulinda. Wanatembea na kigogo cha mwanzi kilichotobolewa, na mlio wake unasema kama kuna moto au mwizi. Wakipita, wanakusanya kitu kwenye kila nyumba. Zamani mama alining'iniza ukutani kikombe chenye mchele kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole. Mchele wa nyumba zote ukiwekwa pamoja ulikuwa mfuko wa kusaidia mgonjwa au msiba. Siku hizi wengi wanaweka sarafu, lakini jina limebaki lile lile, jimpitan. Anayetoa hasikii uzito, na hakuna nyumba iliyo maskini mno hata ikose cha kutoa.

Wamama wana likelemba yao, wanaiita arisan. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa na kutiwa ndani ya glasi. Glasi inatikiswa, kikaratasi kimoja kinaanguka, na mwenye jina hilo anachukua pesa za mwezi. Aliyekwisha kupata haingii tena mpaka wote wapate. Kuna arisan ya pesa, ya vyombo, hata ya kutengeneza nyumba. Pesa ni nusu tu ya kazi. Siku ya arisan ndiyo siku ya kusikia nani ana mtoto mgonjwa na nani ana mashaka nyumbani.

Mara moja kwa mwezi wamama wanapeleka watoto wa chini ya miaka 5 kwenye posyandu. Hiyo si hospitali. Mara nyingi ni baraza la mtu, lenye meza 5: ya kwanza kuandikisha, ya pili kupima uzito, ya tatu kuandika kwenye karatasi ya mtoto, ya nne kumpa mama mashauri, ya tano chanjo na matunzo mengine. Wanaofanya kazi karibu zote ni wamama wa kijiji waliofundishwa, na muuguzi anakuja kwa siku hiyo. Mstari wa uzito ukianza kuinama, mama anajua kabla mtoto hajalala kitandani.

Kazi hizi zinasimamiwa na chama cha wamama cha kila kijiji, kinachoitwa PKK, ambacho kimeenea inchi nzima tangu miaka ya 1970. Chini yake kuna vikundi vya nyumba 10 hivi, kila kimoja na mama anayevihesabu: nani ana mimba, nani hana choo, nani hajui kusoma. Tuseme pia ukweli wake. Serikali ya wakati ule ilikiunda kutoka juu, na mwenyekiti wake alikuwa mke wa mkuu wa kijiji, apende asipende, afae asifae. Wanawake wengi wa Indonesia wamelaumu hilo. Lakini wamama wa chini walikijaza kwa kazi yao wenyewe, na ndiyo maana kingali hai.

Asubuhi ya 27 Mei 2006

Tarehe 27 Mei 2006, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, udongo wa Bantul ulitetemeka kwa muda usiofika dakika moja. Watu zaidi ya 5,700 walikufa, na nyumba zaidi ya 150,000 ziliharibika kabisa. Watu wengi walikuwa bado ndani. Nyumba za matofali zisizo na vyuma ziliangukia waliokuwa ndani yake.

Wakati wa kujenga upya, serikali ilipitisha msaada kwa vikundi vya familia jirani. Kila kikundi kilifungua hesabu yake, kilinunua saruji na vyuma pamoja, na kilichunguza kazi ya mwenzake, kwa sababu nguzo mbaya ya jirani ingeweza kukuangukia wewe. Vikundi vilifanya kazi kwa sababu vilikuwapo tangu zamani, katika ulinzi wa usiku, katika arisan, katika kikombe cha mchele. Mtu haanzi kumwamini jirani siku ya maafa.

Katika vilima vya Imogiri, ndani ya Bantul, wamama wanachora batik. Wanachovya kalamu ndogo ya shaba katika nta ya moto na kuchora juu ya kitambaa, tone kwa tone. Pale nta ilipo, rangi haiingii. Kitambaa kimoja kizuri kinaweza kula majuma au miezi. Kabla ya tetemeko wengi wao walichora tu, wakauza kitambaa kisichotiwa rangi kwa wafanyabiashara wa mjini, ambao ndio waliochukua faida. Baada ya tetemeko walijifunza kutia rangi wenyewe na kuuza katika vikundi. Mwaka 2009 UNESCO iliandika batik ya Indonesia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Na wewe mama unayesoma, angalia kikwembe chako. Wax tunayovaa ni mtoto wa batik hiyo. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliotawala Java, walijaribu kuiga batik kwa mashine ili wawauzie Wajava. Baadaye soko kubwa lilipatikana Afrika. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, kinatengeneza wax mpaka leo. Mkono wa mama wa Java uko ndani ya vikwembe vyetu vya arusi na vya matanga.

Mji unakuja

Sasa tufike penye uchungu. Mji unakua kuelekea mashambani. Barabara za Bantul na za Sleman, wilaya ya kaskazini, zimejaa vyumba vya wanafunzi vinavyoitwa kos. Mama mwenye kiwanja karibu na chuo kikuu anajenga vyumba 6 au 10, na kodi yake inamlipia watoto shule. Kwa wajane wengi hiyo ndiyo pensheni yao.

Lakini mwenye shamba la mpunga tu anaona mambo mengine. Familia nyingi za wakulima wa Java zina chini ya nusu hekta. Mzazi akifa, kipande hicho kinakatwa tena kati ya watoto. Kinafika kuwa kidogo kiasi kwamba mavuno hayalishi nyumba, lakini bei yake, kwa sababu ya mji, ni kubwa kuliko mavuno ya miaka mingi. Mnunuzi anakuja na pesa mkononi. Shamba linauzwa. Pesa zinageuka kuwa pikipiki, sherehe, paa jipya, na baada ya miaka michache mwenye shamba wa zamani analipwa kwa siku kubeba matofali juu ya udongo uliokuwa wake. Jirani ambaye hakuuza naye anaumia, kwani majumba mapya yanaziba mfereji wa maji, na panya na ndege wa eneo zima wanakusanyika kwenye mpunga wake uliobaki.

Bunge la Indonesia lilitunga sheria mwaka 2009 ya kulinda mashamba ya chakula. Kuitekeleza ni kazi ngumu, maana mwenye shamba naye anauliza: nikikatazwa kuuza, nani atanilisha? Hata ardhi ya kijiji, iliyowekwa kwa faida ya wote, inaingiliwa. Mwaka 2023 mkuu wa kijiji kimoja cha Sleman alihukumiwa kifungo katika kesi ya nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ya kijiji bila ruhusa inayotakiwa. Walionunua nyumba hizo kwa akiba zao walibaki na karatasi zisizo na nguvu.

Karatasi tatu, na moja tu yenye nguvu

Ndiyo sababu wamama wa kule wanajifunza kutofautisha karatasi.

Ya kwanza ni karatasi ya kodi, inayokuja kila mwaka. Wengi wanaifungia sandukuni wakidhani inathibitisha kwamba kiwanja ni chao. Inathibitisha tu kwamba fulani amelipa kodi.

Ya pili ni maandishi ya zamani ya kijiji. Ofisini kuna kitabu kikubwa chenye majina ya wenye mashamba, kilichoanzia wakati wa kodi za kikoloni. Maandishi hayo yanasaidia kuonyesha historia ya shamba, lakini si hati ya kumiliki. Amri ya serikali ya mwaka 2021 iliwapa wenye maandishi ya namna hiyo miaka 5 ili waandikishe ardhi yao rasmi.

Ya tatu ni sertifikat, hati inayotolewa na ofisi ya ardhi ya taifa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inataja haki za namna mbalimbali. Yenye nguvu zaidi ni Hak Milik, haki kamili: haina mwisho, inarithiwa, na ni ya raia wa Indonesia peke yao. Nyingine ni haki ya kujenga juu ya ardhi kwa muda usiozidi miaka 30, kisha kuomba kuongezewa. Ndiyo maana mnunuzi wa nyumba mpya anashauriwa kusoma kwanza hati inasema haki gani, kabla ya kupenda rangi ya kuta.

Tangu 2017 serikali inaandikisha viwanja kijiji kwa kijiji, badala ya kumngoja kila mtu aende mwenyewe mjini. Kabla ya kupima, mwenye kiwanja anapiga vigingi kwenye pembe, na majirani wa pande zote wanakubali mpaka. Vigingi hivyo vimemaliza ugomvi mwingi, na vimefufua mwingine uliokuwa umelala.

Kuuza ardhi yenye hati kunafanyika mbele ya mwandishi wa mikataba aliyeidhinishwa. Bado wapo wanaouziana kwa risiti tu, kati ya marafiki, bila kubadilisha jina kwenye hati. Rafiki akifa, watoto wake wanakuja na hati mkononi. Risiti inalia, hati inashinda.

Jina la mama liko wapi?

Hati nyingi za Java zina jina la bwana peke yake. Hata hivyo sheria ya ndoa ya mwaka 1974 inasema kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na hakuna anayeweza kuiuza bila mwenzake kukubali. Kwa hiyo mwandishi wa mikataba anadai sahihi ya mke, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Wajava wanaiita mali hiyo gono-gini. Wakiachana, kila mmoja ana nusu. Kile ambacho mmoja alirithi au alipewa na wazazi wake kinabaki chake.

Mume akifa, kwa familia za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi, mjane kwanza anachukua nusu yake ya mali ya pamoja. Nusu ya marehemu ndiyo inagawiwa, na hapo mjane anapata tena fungu lake: sehemu moja ya nane kama kuna watoto, moja ya nne kama hawapo. Ndugu wa bwana wakija na haraka ya kugawa kila kitu, mama anayejua hesabu hii anawaambia: ngojeni, nusu hii si urithi, ni jasho langu.

Kwa watoto, Wajava wana usemi wa zamani: sepikul segendong. Mwanaume anabeba vikapu viwili kwenye mti begani, mwanamke anabeba kimoja mgongoni kwa kitambaa. Maana yake, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Lakini familia nyingi zinakaa chini na kukubaliana kugawa sawa, na mara nyingi nyumba inabaki kwa mtoto aliyewatunza wazazi, ambaye mara nyingi ni wa kike.

Haki hizi zote zina mlango mmoja: ndoa iliyoandikishwa. Mwanamke aliyeolewa kwa dini tu, bila kuandikishwa na serikali, akiachwa au akifiwa hana cha kuonyesha mahakamani, na watoto wake wanapata shida ya vyeti vya kuzaliwa. Shirika la PEKKA, la wanawake wakuu wa familia, lilianza karibu mwaka 2001 kukusanya wajane na walioachwa. Limewasaidia wengi kwenda mahakamani kupata uthibitisho wa ndoa, vyeti vya watoto, na nguvu ya kusema. Nayo mahakama ya katiba iliamua mwaka 2016 kwamba mke na mume wanaweza kuandikiana mapatano ya mali hata baada ya arusi. Kesi hiyo ililetwa na mwanamke wa Indonesia aliyeolewa na mgeni. Bila mapatano ya kabla ya arusi, alinyimwa haki ya kununua nyumba katika inchi yake mwenyewe.

Wamama wapenzi, kwetu pia sheria ya 15 Julai 2016, iliyorekebisha sheria ya familia, iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mwanamke aliyeolewa alipaswa kuiomba, na ikaweka mapatano ya wote wawili. Lakini sheria haitoki mjini yenyewe kuja kubisha hodi. Wamama wa Bantul waliifikisha nyumbani kwao kwa njia wanayoijua: kukutana, kuulizana, na kusindikizana ofisini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kiwanja unachokaa kina karatasi gani? Jina la nani limeandikwa, na karatasi inawekwa wapi?

2. Ndoa yako imeandikishwa na serikali? Watoto wote wana vyeti vya kuzaliwa? Ni nani katika kikundi anajua njia na anaweza kusindikiza wengine?

3. Mashamba karibu na mji wetu yanauzwa kwa nani? Pesa zake zimejenga nini kinachoonekana mpaka leo?

4. Likelemba yetu inaweza kuweka mzunguko mmoja kwa mwaka wa kulipia kupimwa na kuandikishwa kwa viwanja vya wanachama?

5. Kikombe cha mchele: katika avenue yetu, ni kitu gani kidogo ambacho kila nyumba inaweza kutoa bila kuumia, ili jirani asilale njaa?